Pikapu ya Juu



Nataka kukuhadithia habari ya pikapu yangu. Huenda ukasema: kurasa hizi na pikapu, wapi na wapi? Stahamili kidogo. Yaliyonipata kwa sababu ya gari hilo yameniingia moyoni kuliko mawaidha mengi niliyoyasikia nikiwa nimeegemea nguzo ya msikiti nikisinzia, na baadhi yake yaweza kumfaa mwenye nyumba yeyote anayefikiri kununua gari lililopita mikononi mwa wengine.

Mwaka 2021 nalikuwa na haja ya kweli. Sisi twakaa Ukunda, nina duka dogo la nafaka, na mke wangu na nduguze wamerithi shamba la minazi na michungwa upande wa Mkongani, nyuma ya mji wa Kwale. Waendao huko wajua: lami ni nzuri mpaka Kwale, kisha kuna mahali waiacha ukashika njia ya udongo mwekundu, ambayo wakati wa kiangazi ni vumbi na mawe, na mvua za mwaka zikishuka, Aprili na Mei, huwa kama sabuni. Nalikuwa na gari dogo la saluni lisiloweza njia hiyo hata wakati wa jua. Kila msimu wa machungwa nikikodi pikapu ya watu, na faida ikiishia kwenye kodi. Basi nikasema nitafute gari moja la kufanya kazi mbili: liende shamba mvua na jua, na siku nyingine zote lipeleke watoto skuli na chuoni, lichukue magunia, limpeleke mama hospitali siku yake ya kliniki.

Hiyo ndiyo haja. Tamaa nayo ilikuwa imesimama nyuma ya mlango, na siku nilipoiona pikapu ile Likoni ikajitokeza mbele. Ilikuwa Toyota Hilux ya mwaka 1996, ya milango minne, injini ya dizeli ya 3L ambayo mafundi wetu waijua kama wajuavyo viganja vyao. Ekseli ya mbele ni ya chuma kizima kama ya lori, na springi zake, mbele na nyuma, ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Gari gumu, spea zake zapatikana kila mji. Lakini si hayo yaliyonivuta. Lililonivuta ni kwamba pikapu hii ilikuwa imenyanyuliwa. Mwenyewe wa mwanzo, kijana aliyekuwa akiingia nayo porini na wenziwe kwa mchezo, alikuwa ameipandisha ikawa nikisimama kando yake boneti yanifika kifuani. Baadaye niliipima na Hilux nyingine ya aina ile ile kwa utepe wa fundi cherehani, nikakuta ya kwangu imepanda inchi nne kwenye springi peke yake, mbali na tairi.

Nami nikanunua. Nikatazama injini, nikatazama bodi kama ina kutu, nikasikiliza giaboksi, nikauliza bei, nikaomba nipunguziwe. Jambo moja sikuuliza: huu urefu umepatikanaje? Mtu akiuziwa nyumba ya ghorofa moja akaona juu yake pameongezwa ghorofa ya pili, huuliza ni nani aliyeijenga na kama msingi waiweza. Kwenye gari hatuulizi.

Nikiri kitu ambacho mke wangu alikijua kabla yangu. Nalipenda kuwa juu. Kwenye feri ya Likoni nalikuwa nikitazama mapaa ya magari ya wenzangu kama mtu aliye dirishani. Nikipita mbele ya baraza jioni nalipunguza mwendo pasipo haja yoyote ya kupunguza. Vijana wakinisifu, nami nikisema, "Aa, ni ya shamba tu," kwa sauti ambayo kila mwenye akili angeijua kuwa si ya unyenyekevu.

Mama yangu ni mtu wa miaka sabini na kitu, na magoti yake hayako sawa. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa pikapu, akaitazama ile hatua ya kupandia, akanitazama mimi. Tukamletea kigoda. Akapanda kwa kusukumwa na kuvutwa, jambo ambalo mwanamke wa heshima halipendi kufanyiwa barabarani. Kliniki ya pili tukachukua kigoda tena. Ya tatu akaniambia, "Mwanangu, gari lako zuri, Mungu alibariki. Lakini hilo ni la vijana. Mimi tuktuki yanitosha." Nami, nisikufiche, nikaona nimepunguziwa safari. Kwa muda wa karibu miaka miwili mama yangu alikwenda hospitali kwa tuktuki, hali ya kuwa mwanawe ana gari mlangoni alilosema amelinunua kwa ajili yake.

Gari lenyewe lilikuwa likinipa ishara. Usukani ulikuwa ukitangatanga. Kwenye lami iliyonyooka hapana budi uushike kwa mikono miwili na kuurudisha kila mara, na gurudumu la mbele likipiga shimo usukani unazunguka wenyewe. Kwenye mwendo wa kilomita sitini hivi kulikuwa na mtetemo chini ya viti, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Saa ya mwendo nayo ilikuwa ikinidanganya. Kwenye bango la mlangoni tairi za asili zilikuwa 205R16, ambazo upana wake kutoka juu hadi chini ni kama milimita 734, na kijana yule alitia 265/75R16, zenye kama milimita 804. Tairi kubwa yaenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na saa haijui hilo. Ilipokuwa ikinionyesha 80, kwa hakika nalikuwa nikienda karibu 88. Siku moja usiku dereva mmoja wa tuktuki aliniwekea mkono usoni kama mtu anayejikinga na jua, kisha akanipigia kelele. Nikadhani ana ghadhabu zake. Kumbe taa zangu, kwa vile pua ya gari imeinuka na hapana aliyezishusha, zilikuwa zikimpiga machoni kila niliyekutana naye tangu siku niliponunua. Fikiri ni watu wangapi. Sikukusudia kumtia mtu upofu barabarani, lakini yule anayepofuka hajali nimekusudia au sikukusudia.

Moja tu nalolihesabu kuwa ni neema. Pedi za breki za mbele zikiisha upesi, lakini za nyuma, zile laini za ndani ya dramu, zilikuwa haziliki kabisa. Kila fundi akizifungua asema, "Hizi bado mpya." Nikawa nikijisifu kwa watu kwamba nyuma sijatia hata senti. Kweli sikutia.

Mwezi wa Septemba 2023 akafariki mjomba wake mke wangu huko Mkongani. Tukaenda maziko. Wakati wa kurudi watu ni wengi na magari machache, kama desturi. Ndani ya pikapu nikapakia wazee wanne, na nyuma wakapanda vijana wanane. Pikapu si gari la abiria, na hili nalijua wakati ule kama ninavyolijua sasa. Nalijiambia kuwa ni maziko na ni mara moja. Watu wanane pekee ni zaidi ya kilo mia tano juu ya ekseli ya nyuma.

Aijuaye njia ya kutoka Kwale kuteremkia Kombani aijua ile miteremko. Lami ni nzuri, bahari yaonekana mbali, na gari lataka kukimbia lenyewe. Nikawa nikibonyeza breki kidogo kidogo katika gia ya nne, nikizungumza na mzee aliyekaa karibu yangu. Kwanza nikasikia harufu, kama ya kitambaa kinachoungua. Nikaidhania ya lori lililotutangulia. Kisha kanyagio likawa laini. Nikalikanyaga likaenda chini kama godoro, gari likapungua kidogo tu, na mbele kuna kona na basi dogo limesimama likishusha watu.

Sikuwa na ujuzi wowote ulioniokoa. Nikavuta gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia kilio ambacho sijapata kukisikia, na kwa kufazaika nikaivuta ile breki ya mkono kwa nguvu zangu zote. Ikashika. Nyuma ikashika kama mtu aliyedakwa shati, pikapu ikayumba, vijana nyuma wakaangukiana, na tukasimama nje ya lami, kwenye nyasi, hatua kama kumi kutoka lile basi. Moshi ukitoka kwenye magurudumu ya mbele. Hapana aliyesema neno, ila mzee aliyekuwa kando yangu, ambaye tangu kule juu alikuwa na tasbihi mkononi, akaendelea kuihesabu pale alipoachia. Kijana mmoja alikatika mdomo. Wengine wote, alhamdulillahi, salama.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima, asiyependa maneno mengi. Nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Breki ya mkono ilishika?" Nikasema ilishika sana. "Basi breki za nyuma ni nzima," akasema, "ila hakuna anayezipa kazi." Akanivuta nikalala naye chini ya gari juu ya karatasi ya boksi, akanionyesha kwa tochi kitu ambacho kwa miaka miwili sikujua kuwa nalikuwa nacho.

Pikapu ikiwa tupu, nyuma yake ni nyepesi. Ukipiga breki kwa ghafula uzito hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma hujifunga, na gari laweza kuzunguka. Likiwa na mzigo, mambo ni kinyume: nyuma ni nzito, na breki za nyuma zatakiwa zifanye kazi kwa ukamilifu. Kwa hiyo walioliunda wakatia vali moja kwenye chasisi upande wa nyuma, yenye mkono mrefu wa chuma ulioungwa na ekseli. Vali hii haina macho. Hujua kama gari limebeba kitu kwa kuangalia umbali tu. Chasisi ikiwa mbali na ekseli, husema gari ni tupu, na hubana mafuta ya breki yasiende mengi nyuma. Springi zikishuka kwa mzigo na chasisi ikasogea karibu, hufungua.

Sasa yule kijana, ili kuinyanyua nyuma, aliweka vipande vya chuma baina ya ekseli na springi, viwili kila upande, kimoja juu ya kingine, jumla vipande vinne, akavifunga kwa bolti ndefu. Chasisi ikaenda juu, ekseli ikabaki chini, na mkono wa vali hakuurefusha wala kuuhamisha. Tangu siku hiyo, hata ukipakia tani nzima, vali yaona gari tupu. Mzigo wote wa kusimamisha gari ukawa juu ya magurudumu mawili ya mbele. Ndiyo maana pedi za mbele zikiisha upesi, na ndiyo maana za nyuma zikawa hazili. Neema yangu ilikuwa ndiyo maradhi yenyewe. Breki ya mkono, kwa kuwa huvuta kwa waya na haipiti kwenye vali, ndiyo iliyobaki na uhuru wake.

Nikakaa kwenye benchi la gereji nikitetemeka kuliko nilivyotetemeka kule mteremkoni. Nikahesabu safari nilizobeba watoto wangu nyuma na magunia.

Katika sharia yetu, ndugu msomaji, muuzaji mwenye kuijua aibu ya kitu chake ni wajibu wake kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Wengi twaijua hukumu hii tunapokuwa wanunuzi. Nikamwendea aliyeniuzia, nikiwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Alikuwa mtu wa makamo, akanisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. Yeye naye alinunua hivyo hivyo, kwa kupendezwa na urefu, akaliendesha miezi minane na kuuza. Hakujua kama kuna vali. Sikuweza kumwambia amenificha kitu ambacho na mimi, nilipokuwa na mali yangu mkononi miaka miwili, sikukitafuta. Tulikunywa kahawa tukaachana. Njiani nikafikiri: lau ningaliuza pikapu ile mwezi wa Agosti, ningalimwapia mnunuzi kwa Mwenyezi Mungu kwamba breki ni nzuri na za nyuma ni mpya, na ningalikuwa mkweli kwa kadiri ya ujinga wangu.

Sasa kazi ya kuitengeneza. Vijana walinishauri niache urefu na kurekebisha vali tu. Yawezekana, na wako wanaofanya hivyo vizuri. Simlaumu mwenye kuingia porini kila wiki na mwenye kujua afanyalo. Lakini fundi aliniuliza, "Katika siku thelathini, ngapi waenda shamba?" Nikahesabu. Nne, tano kwa wingi. Nyingine zote ni lami ya Ukunda, skuli, soko na feri. Akasema, "Basi gari litengenezwe kwa siku ishirini na tano, kisha tuone zile tano zataka nini." Na hapa alinieleza jambo lililonivunja nguvu kabisa. Ule urefu wa inchi nne, ambao nalidhani wanivusha kwenye mawe, haukuwa umeinyanyua difu hata kwa upana wa kidole. Gari la ekseli nzima, difu yake imekaa chini katikati ya magurudumu. Ukiinua springi, wainua bodi na chasisi. Ekseli na difu hubaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na zile tairi kubwa ziliiinua kwa nusu ya tofauti yao, yaani sentimita tatu na nusu. Basi inchi zote zile zilikuwa za kumwinua dereva.

Akavitoa vipande vyote vinne. Nyuma akatia springi mpya zenye chuma kimoja cha ziada, ambazo huikalisha pikapu inchi moja na nusu juu ya ilivyokuwa kiwandani na hazilali zikibeba mzigo, mbele kadhalika. Zile bengili za kuning'inizia springi, zilizokuwa zimebadilishwa kwa ndefu na kuipindua ekseli kidogo ikapoteza pembe yake, zikarudi za asili, na usukani siku hiyo hiyo ukaacha kutangatanga. Fimbo ya usukani iliyokuwa imesimama kama ngazi ikalala inavyotakiwa. Propela nayo ikanyooka, wale nyuki wakatoka kwenye debe. Bolti za kufungia springi akakataa kurudia zilizotumika, kwani zikishavutwa mara moja hunyumbuka. Akanitaka nirudi baada ya kilomita mia tano azikaze tena. Nikarudi, na kweli zilikuwa zimelegea kidogo. Mkono wa vali akausogeza kwa kiasi cha inchi ile moja na nusu, tukaenda kiwanjani tukaijaribu tupu, kisha tukaijaribu na magunia manane. Mipira ya breki, ambayo urefu ulikuwa umeivuta ikawa kama uzi wa mshipi wenye samaki, tukaibadilisha yote. Tairi nikachukua 225/75R16, zenye kama milimita 744, na saa ya mwendo sasa husema kweli, au karibu na kweli. Taa nilizishusha mwenyewe usiku mbele ya ukuta wa jirani, kwa alama ya chaki. Na bima nikawaandikia wajue gari lilivyo, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza.

Utauliza, na shamba je? Mvua za mwaka 2024 zilikuwa nyingi, wenyewe mwazikumbuka. Nalikwenda Mkongani nikiwa na hofu, na pikapu fupi. Nimekwama mara chache kuliko zamani, na sababu si gari, ni kwamba sasa nashuka kutazama. Zamani nikiona tope nalikanyaga moto, kwa kuutegemea urefu. Sasa kabla ya kuiacha lami nasimama, nafunga zile habu za magurudumu ya mbele kwa mkono. Wengi wetu hungoja mpaka wamekwama, ndipo washuke na kanzu matopeni kuzizungusha. Natia gia nzito, nakwenda pole pole na sawasawa, bila kupiga breki wala kuzungusha magurudumu yakajichimbia kaburi. Upepo wa tairi, ambao kwenye lami ni paundi 35, naupunguza ufike ishirini na tano hivi kwenye tope, na kwenye mchanga wa pwani hata kumi na nane, tairi ipate kulala na kukanyaga pana. Hili la upepo ni bure kabisa, na lanifaa kuliko vyuma vyote vinne. Ila lazima uwe na pampu ya kurudishia kabla ya kurudi lamini, kwani tairi laini kwenye mwendo huchemka na kupasuka, na gari laweza kupinduka nalo.

Kuna kijito kimoja kabla ya shamba. Nalikuwa nikikivuka kwa mbwembwe, maji yakiruka pande mbili, watoto wakishangilia. Fundi alipofungua difu ya nyuma mafuta yalitoka meupe kama chai ya maziwa. Difu ikiwa moto ikaingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuyavuta maji kupitia sili. Tukaiunga kwa mpira mrefu wa kupumulia uliopanda mpaka juu ya bodi, na mimi nikazoea kungoja dakika kadhaa ng'ambo hii ya kijito kabla ya kuvuka. Watoto waona nimezeeka. Kamba ya kukokotea nayo naifunga kwenye chasisi, kwenye pete iliyotiwa kwa kazi hiyo, si kwenye bumpa, wala kwenye kile kichwa cha kukokotea trela, ambacho kiking'oka kamba ikiwa imevutika huruka kama kombora na huua. Na mtu yeyote, akiwa mtoto au mkubwa, hasimami karibu. Hapo sina mzaha.

Vilibaki vile vipande vinne. Vizito, vya chuma kizuri, vimekaa uani. Siku moja akaja kijana wa mtaani, mwenye pikapu kama yangu, akasalimu kwa adabu, akasema, "Ami, nasikia una vyuma vya kunyanyulia. Niuzie." Akataja bei nzuri kuliko nilivyotarajia. Nikamlaza chini ya gari langu kama nilivyolazwa mimi, nikamwonyesha vali, nikamweleza yote mpaka ile kona ya Kombani. Akatikisa kichwa. "Nimefahamu, Ami. Niuzie tu."

Nikamuuliza imamu wetu. Akanijibu kwa haki: ukishaibainisha aibu na mnunuzi akaridhia, umetoka katika dhima. Ni kweli, na sina elimu ya kushindana naye. Lakini nalimtazama kijana yule usoni wakati nikimweleza, na macho yake hayakuwa kwenye vali. Yalikuwa yakipima urefu. Nalijua macho yale, kwani nalikuwa nayo mwenyewe. Nikamwambia siuzi. Mke wangu akasema nimeacha fedha ya ada ya muhula mzima, naye hakusema uongo. Miezi miwili baadaye nikamwona kijana amepata vyuma kwingine, pikapu iko juu, apita mbele ya baraza polepole. Nikamsimamisha nikamuuliza habari ya vali. Akacheka, akasema atamwona fundi akipata nafasi. Kila nikikutana naye namuuliza, na sasa akiniona huashiria taa akapita.

Vipande viwili vyazuia lango la uani lisigongegonge kusi likivuma. Kimoja kiko chini ya tangi la maji. Cha nne mke wangu amekikalia nanga ya kamba yake ya kuanikia nguo, nami simwulizi.

Mwezi uliopita ilikuwa kliniki ya mama. Nikaileta pikapu mlangoni, nikafungua mlango wa mbele, nikasimama kando bila kigoda. Akaitazama, akashika ile pete ya juu ya mlango kwa mkono mmoja, akainua mguu, akaketi. "Ndiyo ile ile?" akauliza. Nikasema ndiyo ile. Akalikusanya buibui lake, akajiweka sawa, na tulipofika njia kuu akasema kiti ni kigumu, na kwamba kwenye tuktuki alikuwa akipata upepo zaidi.